Mawe ya nyongo: kwa nini hutolewa kifuko kizima badala ya mawe peke yake?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto watatu, ninaishi Morogoro. Kwa karibu miaka miwili nimekuwa nikishikwa na maumivu makali chini ya chembe ya moyo, hasa usiku nikiwa nimekula chakula chenye mafuta. Yananikaza kwa saa mbili au tatu, yanapenya hadi mgongoni chini ya bega la kulia, kisha yanaondoka yenyewe, na ninaweza kukaa hata mwezi mzima bila kuyasikia. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara nne bila nafuu. Mwezi uliopita nilipimwa altrasaundi, ikaonekana nina mawe matatu kwenye kifuko cha nyongo, kubwa lina milimita 14. Ukuta wa kifuko ni wa kawaida na mrija wa nyongo haujatanuka. Nimeambiwa nifanyiwe upasuaji kifuko kitolewe, na ninaogopa. Jirani yangu anasema mawe hutoka kwa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu. Shemeji anasema mtu asiye na nyongo hawezi tena kusaga chakula. Mama mkwe anadai niliyapata kwa kula udongo nilipokuwa mjamzito. Kwa nini wasitoe mawe tu wakaniachia kifuko changu? Na mwanangu wa kwanza, miaka 13, ana selimundu; je, naye anaweza kuwa nayo?"

Marahaba, dada yangu. Umeeleza maumivu yako vizuri kiasi kwamba ungeyasema hivyohivyo mbele ya daktari miaka miwili iliyopita, huenda ungepelekwa altrasaundi siku hiyohiyo. Hofu yako naielewa: unaambiwa ukatwe kiungo ambacho hukuwahi kukifikiria hadi mwezi uliopita, na kila aliye karibu nawe ana maelezo yake. Nitaanza na kiungo chenyewe, kwa sababu mengi uliyoambiwa yanatokana na kutojua kazi yake.

Aliyewahi kumpasua kuku anakifahamu kile kifuko cha kijani kilichojishikiza kwenye ini, ambacho hutolewa kwa uangalifu kisije kikapasuka na kuitia nyama uchungu. Cha binadamu kiko mahali hapohapo, chini ya ini, upande wa kulia chini ya mbavu, na kina umbo la biringanya changa. Wengi hudhani kifuko hicho ndicho kinachotengeneza nyongo, na sivyo. Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa siku, nayo hushuka kupitia mrija hadi kwenye utumbo mwembamba. Kifuko ni ghala la pembeni tu: hupokea sehemu ya nyongo wakati hujala, huifyonza maji ili iwe nzito, na huihifadhi kwa kiasi cha mililita 30 hadi 50. Unapokula chakula chenye mafuta, utumbo hutoa homoni inayokiamuru kifuko kijikamue, na nyongo iliyokolea hushuka kwenda kuyavunjavunja mafuta hayo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria ya mchuzi.

Hapa namjibu mama mkwe wako, kwa heshima zote. Udongo ulioula, au chenga za mawe zilizomo kwenye mchele, haviwezi kufika kwenye kifuko cha nyongo, kwa sababu chakula hakipandi kuelekea huko. Huteremka utumboni na kutoka. Mawe haya huzaliwa ndani ya kifuko, kutokana na nyongo yenyewe. Nyongo hubeba kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, na kuiyeyusha kwa msaada wa chumvi za nyongo. Kolesteroli ikizidi uwezo wa chumvi hizo, au kifuko kikiwa kizito kujikamua, chembechembe huanza kuganda kama zinavyofanya kwenye asali iliyokaa muda mrefu. Chembe hushikana na ute wa kifuko, na kwa miezi na miaka huwa jiwe. Lakini mama mkwe hakukosea yote, maana wakati aliutaja sawasawa. Homoni za ujauzito huongeza kolesteroli ndani ya nyongo na wakati huohuo hukilegeza kifuko kisijikamue vizuri, ndiyo maana wanawake hupata mawe haya zaidi ya wanaume, na waliozaa zaidi ya wasiozaa. (Udongo una madhara yake mengine, ila kwa hili hauna hatia.) Umri unaovuka miaka 40, uzito mkubwa, kisukari na historia ya ugonjwa huu katika ukoo huongeza uwezekano. Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja na pengine halikuhusu, lakini naliona mara nyingi siku hizi: kupunguza uzito kwa pupa. Mtu anayepoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, anayekula mlo mmoja mdogo usio na mafuta kabisa, hukiacha kifuko kimejaa bila kujikamua huku ini likimwaga kolesteroli inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Uzito upungue, ndiyo, lakini polepole.

Sasa kuhusu vidonda vya tumbo. Hapa kwetu jina hilo limekuwa kama kapu, maana karibu kila maumivu ya juu ya kitovu hutumbukizwa humo. Vidonda vipo na vinatibika, lakini maumivu yake kwa kawaida huwa ya kuunguza, huja na kuondoka kwa siku nyingi mfululizo, na dawa za kupunguza asidi huyapoza. Maumivu ya nyongo yana tabia nyingine. Kifuko kinapojikamua baada ya mlo, jiwe husukumwa hadi kwenye shingo yake na kuliziba, na kifuko kinaendelea kukaza dhidi ya mlango uliofungwa. Maumivu hupanda ndani ya dakika chache, hukaa palepale yakiwa yamekaza kwa kuanzia nusu saa hadi saa tano, hupenya kwenye mgongo au bega la kulia, mara nyingi yakifuatana na kichefuchefu, kisha jiwe likirudi nyuma yanazimika na mtu hubaki mzima kabisa. Wapo wanaoshikwa kila Ramadhani baada ya futari ya vyakula vya kukaanga, wakidhani ni tumbo lililoshangaa chakula. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuwa na vidonda na mawe kwa pamoja, na pia mawe yanaweza kuonekana kwenye altrasaundi huku maumivu yakitoka kwingine. Ila simulizi lako linafanana na maumivu ya nyongo karibu neno kwa neno, na naona daktari wako yuko sahihi. Neno moja la tahadhari: maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja unapofanya kazi ngumu au kupanda ngazi, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hayo yachunguzwe moyo kwanza, hata kama mawe yanajulikana yapo.

Kama mawe haya yangegunduliwa kwa bahati tu, tuseme ulikwenda kupimwa ujauzito yakaonekana nawe hujawahi kuumwa, ningekuambia uyaache. Watu wengi wenye mawe ya nyongo, takribani wanane kati ya kumi, hawana dalili yoyote, na kila mwaka ni mmoja au wawili tu katika kila mia wanaoanza kuumwa. Kumpasua mtu asiyeumwa ni kumtafutia hatari asiyokuwa nayo. Kinachoamua tiba, basi, ni dalili, na wewe umeumwa kwa miaka miwili. Mawe yakishaanza kuuma, kwa wagonjwa wengi hurudia, na ndipo hatari ya madhara makubwa inapoongezeka.

Madhara hayo ni haya. La kwanza ni jiwe kukwama kwenye shingo ya kifuko bila kurudi nyuma, na kifuko kikavimba na kuwaka. Hapo maumivu hupita saa sita, homa huja, na kuvuta pumzi kwa nguvu huku upande wa kulia chini ya mbavu umebonyezwa huwa mateso. La pili ni jiwe kutoka kwenye kifuko na kuingia kwenye mrija mkuu wa nyongo. Watu wengi huliogopa jiwe kubwa, nami nakuambia kwamba hilo la milimita 14 halininyimi usingizi kama wadogo zake wawili, kwa sababu dogo ndilo linalopita. Likiziba mrija mkuu, nyongo hurudi kwenye damu: macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, na ngozi huwasha. Nyongo iliyotuama ikiingiwa na vijidudu, mgonjwa hupata homa kali ya kutetemeka pamoja na manjano na maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, na hiyo ni dharura inayoweza kuua ndani ya siku chache. Hapa ndipo kwetu muda hupotea, kwa kuwa homa ya kutetemeka hupewa jina la malaria kabla hata ya kipimo. Malaria ipimwe, bila shaka, lakini kipimo kikiwa hakionyeshi vimelea na macho ni ya manjano, mgonjwa asirudishwe nyumbani na panado.

La tatu linahusu kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotoa majimaji ya kusagia chakula. Mrija wa nyongo na mrija wa kongosho huungana karibu na tundu moja la kuingilia utumboni, kwa hiyo jiwe dogo likikwama hapo laweza kuichochea kongosho ianze kujimeng'enya kwa majimaji yake yenyewe. Maumivu yake ni makali mno, hukaa katikati ya tumbo na kupenya mgongoni, na mtu hutapika bila kukoma. Wengi hupona kwa kutundikiwa maji na kupewa dawa za maumivu hospitalini. Wachache huzidiwa na kuhitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Kuhusu saratani ya kifuko, ambayo najua utasoma habari zake ukitafuta kwenye simu, ni nadra. Tunaowafuatilia kwa karibu ni wenye mawe yanayozidi sentimita tatu au wenye ukuta wa kifuko uliogeuka mgumu kwa chokaa. Majibu yako hayana lolote kati ya hayo.

Mafuta ya zeituni na ndimu yanastahili jibu refu kidogo, kwa maana jirani yako hakudanganyi. Pengine ameona kwa macho yake. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniletea kopo lenye vidonge laini vya kijani zaidi ya ishirini alivyovipata chooni baada ya dawa hiyo, na alikuwa na furaha kubwa. Tuliliacha kopo dirishani penye jua tukiendelea kuzungumza, na kabla hatujamaliza vidonge vilikuwa vimelainika na kuanza kuwa mafuta. Jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa vidonge vya aina hiyo: robo tatu yake ilikuwa asidi za mafuta, na havikuwa na kolesteroli wala bilirubini, vitu vinavyojenga mawe ya nyongo. Mafuta yale yakikutana na majimaji ya tumbo na utumbo huganda na kuwa aina ya sabuni. Anayekunywa huona "mawe" yametoka, kumbe ameyatengeneza usiku uleule, na altrasaundi ya mgonjwa wangu ilionyesha mawe yake yote yakiwa palepale. Hasara yenyewe si fedha ya mafuta tu. Kikombe cha mafuta hukiamuru kifuko kijikamue kwa nguvu zote, na hivyo ndivyo jiwe dogo linavyoweza kusukumwa kwenye mrija. Kunywa maji mengi nako, kunakomsaidia mwenye mawe ya figo, hakuyafikii mawe haya, kwa sababu maji unayokunywa hayapiti kwenye kifuko cha nyongo.

Ipo dawa halisi ya kuyeyusha mawe, inaitwa asidi ya ursodeoksikoli, na ni haki yako kuijua. Hufanya kazi kwa mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na chokaa, kwa kawaida yaliyo chini ya sentimita moja, kwenye kifuko ambacho bado kinajikamua vizuri. Humezwa kila siku kwa miezi sita hadi miaka miwili, ni ghali, na kwa karibu nusu ya waliofanikiwa mawe hurudi ndani ya miaka mitano. Tunaitunza kwa mtu ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuhimili upasuaji. Kwako, mwenye jiwe la milimita 14, sioni kama ingekufaa.

Hapo ndipo linapokuja swali lako zuri kuliko yote: kwa nini wasitoe mawe tu? Madaktari walifanya hivyohivyo zamani. Katika karne ya 19 walikuwa wakikipasua kifuko, wanachota mawe, wanakiacha. Na baada ya muda wagonjwa walirudi na mawe mapya. Mwaka 1882 mjini Berlin, daktari Carl Langenbuch alikitoa kifuko kizima kwa mara ya kwanza, akisema sababu ya kukitoa ni kwamba ndicho kinachoyafanya mawe, na kuyatoa mawe peke yake hakukomeshi lolote. Hoja hiyo ndiyo inayofuatwa na wapasuaji wengi hadi leo. Nyongo yako ni ileile na kifuko ni kilekile kizito kujikamua, kwa hiyo kukichota na kukiacha ni kuipa kazi ileile nafasi ya kuanza upya, sasa kikiwa na kovu.

Na kusaga chakula je? Mwambie shemeji amtazame punda. Punda, pamoja na farasi na njiwa, hana kifuko cha nyongo kabisa, na hakuna aliyewahi kumwona punda wa Lamu akilalamika. Kifuko kikiondolewa, ini linaendelea kutengeneza nyongo ileile kwa kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba sasa hudondoka utumboni kidogokidogo mchana na usiku badala ya kumwagwa kwa mkupuo wakati wa mlo. Baadhi ya watu hupata choo laini kwa wiki kadhaa, hasa wakila mafuta mengi, na wachache huendelea nacho kwa muda mrefu zaidi. Wengi, baada ya mwezi au miwili, hula kila kitu. Nikuambie pia ukweli ambao wapasuaji hatupendi kuutanguliza: wapo wanaobaki na usumbufu wa tumbo hata baada ya upasuaji, hasa wale ambao tatizo lao lilikuwa gesi na kiungulia tangu mwanzo. Wenye maumivu ya vipindi kama yako ndio wanaonufaika zaidi.

Upasuaji wenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, kwa kawaida manne, kamera ikiingizwa kupitia kitovuni. Mjerumani Erich Mühe alikuwa wa kwanza kuufanya hivyo, mwaka 1985, na wenzake wakambeza. Miaka michache baadaye dunia nzima ikamfuata. Utapewa nusukaputi, tumbo litajazwa hewa ili daktari apate nafasi ya kuona, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo au inayofuata, kisha kazini baada ya wiki moja au mbili. Usishtuke bega likiuma siku mbili za mwanzo. Ni hewa iliyobaki inayochokoza kiwambo cha pumzi. Pasipo na vifaa hivyo, upasuaji wa wazi bado ni tiba kamili na salama, ila kovu lake ni refu na kupona huchukua wiki nne hadi sita. Hatari zipo: kutoka damu, kidonda kuingia usaha, nyongo kuvuja, na ile tunayoiogopa zaidi, kuumia kwa mrija mkuu wa nyongo, ambako hutokea kwa wagonjwa watatu hadi watano hivi katika kila elfu moja na kunaweza kuhitaji upasuaji mwingine mkubwa. Wakati mwingine daktari huanza na matundu, akaona viungo vimegandamana, akaamua kufungua tumbo. Akifanya hivyo amekulinda, hajashindwa. Muulize waziwazi amefanya upasuaji huu mara ngapi, na ukihitaji rufaa, hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina mabingwa wa upasuaji. Suala la bima lithibitishe mapema, kabla ya kupangiwa tarehe.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ukubali upasuaji, uufanye kwa kupanga, ukiwa mzima, badala ya kuusubiri uje usiku wa dharura kifuko kikiwa kimevimba. Si lazima uwe wiki hii. Wakati unasubiri, kula milo midogo kwa nyakati zinazoeleweka, punguza vya kukaanga, tui zito la nazi na nyama ya mafuta, lakini usijishindishe njaa. Maumivu yakija, dawa kama diklofenaki husaidia zaidi ya dawa za asidi, ila usiitumie bila kumwambia daktari kama una vidonda vilivyothibitishwa kwa kamera, tatizo la figo, au ujauzito. Ukipata maumivu yanayopita saa sita, homa ya kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi, au kutapika kusikokoma, nenda hospitali yenye wodi ya upasuaji saa hiyohiyo, na ubebe majibu ya altrasaundi.

Mwanao hajarithi mawe yako, lakini anaweza kuwa na ya kwake. Kwa mwenye selimundu, chembe nyekundu za damu huvunjika mapema na kuacha bilirubini nyingi, ambayo huganda ndani ya kifuko na kufanya mawe meusi, tofauti na ya kolesteroli. Huweza kuanza utotoni, na umri wa miaka 13 si mdogo kwa hilo. Ugumu ni kwamba macho ya watoto hawa mara nyingi huwa ya manjano kwa ugonjwa wenyewe, na maumivu yao ya tumbo huhesabiwa haraka kuwa ya selimundu. Kama hulalamika tumbo, hasa upande wa kulia chini ya mbavu na baada ya kula, au manjano yake yameongezeka kuliko kawaida yake, waombe kliniki yake wampime altrasaundi. Akikutwa na mawe yasiyomuuma, daktari wake ataamua naye kama ni ya kusubiri. Yakiwa yanamuuma, upasuaji hufanywa kwa maandalizi maalumu ya damu, maji na hewa ya oksijeni, mahali ambapo timu ya selimundu ipo. Kwa ajili ya kipimo cha altrasaundi ataambiwa asile kwa saa sita hadi nane. Omba apangiwe wa kwanza asubuhi, na waulize kiasi cha maji matupu anachoruhusiwa kunywa, kwa sababu mtoto wa selimundu hapaswi kukaukiwa maji akiwa kwenye foleni.